Hotipoti Iliyorudi Imejaa

Kisii Mjini,
Jumapili jioni.

Baba mpendwa,

Bwakire buya. Nakupa salamu ya asubuhi kwa sababu najua barua hii utaisoma ukishamaliza kukamua, umekaa kwenye benchi la nje na kikombe chako cha chai, viatu bado vina umande. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Je, yule ndama aliyekuwa akiharisha nilipoondoka alipona? Mimi ni mzima kabisa. Shangazi Nyaboke pia ni mzima, na cherehani yake haipumziki, maana wazazi wengi wanataka sare za muhula ujao mapema.

Najua pia una kalamu nyekundu mfukoni. Walimu hawastaafu. Sahihisha makosa yangu yote, Baba, lakini tafadhali soma mpaka mwisho kwanza ndipo uanze kusahihisha.

Sikupiga simu kwa sababu habari hii ni ndefu, na salio likiisha katikati itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Naanza na mwisho ili usiogope: yameisha vizuri. Lakini kabla ya kuisha vizuri nilikukosea. Siku uliyonileta hapa uliniambia mbele ya mlango wa Shangazi, "Neno la shangazi yako ni neno langu." Nililivunja neno hilo, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Siku ya kwanza tu, Shangazi alinionyesha geti la kijani la jirani, akaniambia, "Kerubo, hapa mjini uende shule, uende kanisani, uende sokoni. Lakini hiyo nyumba sitaki ukanyage. Nikikuona ndani ya hilo geti, unarudi Nyansiongo." Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nimesema." Sikuuliza tena. Wewe unajua nilivyoingoja nafasi ya kusoma hapa. Shule yetu ina maabara ambamo kila msichana anashika kifaa kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nataka kusoma uuguzi. Kurudi nyumbani katikati ya Kidato cha Tatu kungekuwa mwisho wa mambo hayo. Kwa hiyo kila nilipopita geti lile nilitazama upande wa pili wa barabara.

Shida ni kwamba nyuma ya geti hilo anaishi Rukia, na Rukia anakaa na mimi dawati moja.

Mwezi uliopita mwalimu wetu wa Sayansi Kimu alitupa kazi. Alisema tunaishi katika mji wenye watu wa kila namna lakini tunakula kana kwamba tuko peke yetu duniani. Kila wanafunzi wawili watembelee watu wa jamii zisizo zao, mahali wanapoweza kufika kwa miguu, wale chakula chao, wajifunze kupika kimoja, halafu waandike. Darasa zima lilipiga makofi. Sijawahi kuona kazi ya nyumbani ikipigiwa makofi.

Baba, nilifurahi sana siku hizo. Tulianza sokoni, kwa mama mmoja Mjaluo anayeuza mbuta wa kukaanga. Tulipomweleza kazi yetu alicheka, akatuwekea kichwa kizima cha samaki kwenye sahani. Rukia akaanza kula. Mimi nilikuwa natazamana na jicho. Yule mama akaniambia, "Wewe msichana wa Kisii, hicho ndicho kipande cha mgeni wa maana. Ukikiacha nitampa mtu mwingine heshima yako." Nikafumba macho yangu ili nisione la samaki, nikala. Nyama ya shavu ni tamu ajabu.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwenye hoteli ya Wasomali karibu na stendi. Walituletea anjera, mkate wao laini wenye vitundu, nami nikaibonyeza kwa kidole, nikafikiri ni sifongo ya kuoshea vyombo. Rukia alicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kama chakula kina shida. Nilimwambia Rukia kuhusu mursik, maziwa ya mgando ya majirani zetu Wakipsigis huko kwetu mpakani, jinsi ulivyonipa kwenye kibuyu nikiwa mdogo nikauliza kwa nini maziwa yana majivu. Akasema siku moja nitampeleka Nyansiongo akayaonje. Nilimwahidi, kwa hiyo Baba, jiandae.

Ilibaki kazi ya kupika. Rukia akasema, "Kwetu Jumapili Mama anapika pilau. Njoo ujifunze." Nilimpa sababu moja, nikampa nyingine. Mwisho akaniangalia, akasema, "Kerubo, unaweza kula jicho la samaki kwa mtu usiyemjua, lakini huwezi kuingia kwetu? Tuna nini?" Hata mimi sikujua wana nini.

Basi Jumapili iliyopita, Shangazi alipokwenda kupeleka sare kwa wateja, nilisukuma geti la kijani nikaingia. Hakuna aliyenilazimisha.

Watu wa nyumba hiyo ni hawa. Baba Rukia ana duka la vitambaa mjini. Babu yake Rukia alitoka pwani zamani akiuza kanga, akafika Kisii, akamwoa msichana wa Kenyenya, ambaye alisilimu akaitwa Hawa. Huyo Bi Hawa ndiye aliyekuwa bibi yake Rukia. Alifariki mwaka juzi. Mama Rukia yeye amezaliwa Kendu Bay. Ni mnene, ana sauti kubwa, na anapika huku akimsema kila mtu.

"Koroga kitunguu! Usikiache! Kikiungua pilau litakuwa chungu, na wewe ndiye utakayelaumiwa, mimi nitasema ni Mkisii aliyepika."

"Mama, mwache, ndiyo mara yake ya kwanza," Rukia akasema.

"Hata mimi niliolewa mara ya kwanza, na mama mkwe hakuniacha."

Nilijifunza kwamba rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu, na siri yote ni subira ya kukikaanga. Tukala sote kwenye sinia moja, tumeketi kwenye mkeka. Baba Rukia aliniuliza kama nimeshiba. Kabla sijajibu, Rukia akasema, "Hajashiba. Mkisii akila wali bila ugali anasema hajala." Nikacheka, kwa sababu ni kweli, Baba, hata wewe husema hivyo.

Hapo ndipo Mama Rukia aliponiuliza, kwa sauti ambayo haikuwa ile kubwa, "Mama Fundi hajambo?" Hapa mtaani Shangazi anaitwa Mama Fundi. Nikasema hajambo.

"Mimi nampenda shangazi yako," akasema. "Yeye na marehemu mama mkwe walikuwa kama mtu na dada yake. Kila wiki mama alivuka kwenda kula mboga za chinsaga kwake. Alipofariki, Mama Fundi alituletea kuku kwenye hotipoti, na ugali wa wimbi juu yake. Lakini tangu msiba ule hanisalimii. Nikipita, anainamia cherehani. Nikadhani alimpenda mama tu, na sisi tuliobaki hatuna thamani kwake."

"Huyo kuku mlimla?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Tungemlaje? Alichinjwa na Mama Fundi mwenyewe, nyumbani kwake. Sisi tunakula kilichochinjwa na Mwislamu kwa jina la Mungu. Nyumba ilijaa waombolezaji, sikuweza kutoka nikamweleze. Na kutupa chakula cha mtu ni dhambi. Nikampa wifi yangu hotipoti, nikamwambia irudishe vilevile ilivyo, useme asante sana, ili akile mwenyewe kikiwa bado cha moto."

Baba, tonge lilisimama mkononi. Wewe umeshaelewa, najua, kabla hata ya kumaliza sentensi hiyo. Mwanamke mjane, anayeishi peke yake, watoto wake wote wako Nairobi, amepika kwa mkono wake akapeleka kwenye nyumba ya msiba. Na mchana kweupe, mbele ya majirani wote wa Kisii waliokuja kuzika, chakula kinarudishwa mlangoni kwake hakijaguswa.

"Mama," nikasema, "kwetu sisi chakula hakirudishwi."

"Kwa nini?"

"Mtu akirudisha chakula cha mwingine hakijaonjwa, maana yake anasema... anasema huyo aliyepika ni mtu mbaya."

"Mbaya vipi? Mchoyo?"

Nilitazama mkeka. Rukia akasema, "Kerubo, sema tu, hakuna mtu atakayekuuma."

"Omorogi," nikasema. "Mchawi. Kwamba ametia kitu ndani ya chakula."

Mama Rukia aliweka mkono wenye mafuta ya pilau mdomoni. Halafu akasema polepole, "Ya Rabi. Miaka miwili nimemwita mama wa watu mchawi, na sikufungua hata mdomo?"

Baba Rukia akasema, "Mama angekuwa hai angetuambia."

Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyejua mila zote mbili, na ndiye waliyekuwa wakimlilia.

Mama Rukia akasimama, akataka kuvaa buibui aende kumngoja Shangazi mlangoni saa ileile. Hapo nikaona maisha yangu yote ya shule yakipita. Nikamwomba anipe siku hiyo moja. Nikamweleza kwamba nimeingia bila ruhusa na adhabu yake naijua. Akaketi tena, akasema, "Basi wewe umetuingiza kwenye mtihani mkubwa, mwanangu. Mimi siwezi kukaa na jambo hili. Lakini sitakutangulia. Umwambie wewe."

Nilivuka barabara. Ningeweza kunyamaza, Baba. Mama Rukia angengoja siku mbili tatu, nami ningejifanya sijui lolote. Lakini nilikumbuka kwamba wanawake wawili wa kanisani kwetu walihamisha sare za watoto wao kwa fundi mwingine. Shangazi aliwahi kuniambia hivyo akikata uzi, kama jambo dogo. Sikuelewa ni kwa nini. Sasa nilielewa.

Shangazi alirudi, akaketi kwenye cherehani. Nikapiga magoti karibu na kiti chake, nikasema, "Shangazi, leo niliingia kwenye geti la kijani."

Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ukala!" Akacheka kicheko kibaya. "Wewe unakula kwao, na mimi changu kiliwashinda? Waliniona nani?"

Nikamwambia yote, haraka haraka, kama mtu anayesoma shairi asilotaka kulisahau: kuchinja, jina la Mungu, wifi, dhambi ya kutupa chakula, asante sana. Shangazi hakunikatiza. Nilipomaliza, akauliza neno moja tu.

"Kuchinja?"

"Ndiyo."

"Lakini nyama ya buchari tunanunua sote. Wao wananunua, na mimi nanunua, buchari moja."

"Mchinjaji wa pale ni Mwislamu, Shangazi."

Akaweka mkasi chini. "Na Bi Hawa alikula kwangu miaka yote. Hakukataa kitu."

"Alikuwa anakula nini?"

Akafikiri. Nikaona midomo yake ikihesabu. "Chinsaga," akasema. "Ugali. Maziwa lala. Ndizi." Akahesabu tena. "Sikuwahi kumpa nyama. Hakuwahi kuomba." Kisha akawasha taa ya cherehani, akaendelea kushona, na hakuniambia neno lingine, si zuri si baya.

Siku nne, Baba. Asubuhi aliniwekea uji mezani akaondoka. Jioni alisema "kula" na "zima taa". Mama Rukia alipita mara mbili barabarani, akasita, akaendelea, akitimiza ahadi aliyonipa ya kutonitangulia. Alhamisi nilitoka shuleni nikakuta begi langu limeshushwa kutoka juu ya kabati, liko sakafuni, limefunguliwa zipu. Nilianza kukunja nguo zangu, moja moja, vizuri, kama Mama alivyonifundisha. Nilikuwa nimefika kwenye soksi Shangazi alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Napanga, Shangazi."

"Unakwenda wapi?"

"Nyansiongo."

Akashika kiuno. "Nani amekufukuza? Nilikuwa natafuta hii." Akainua hotipoti ya buluu yenye maua, ina vumbi juu. "Ilikuwa nyuma ya begi lako. Sijapika ndani yake tangu siku ile, na sikuweza kuitupa. Rudisha nguo zako. Na mlango uliousukuma wewe, nitausukuma mimi."

Nililia, Baba. Sikulia siku uliyoniacha hapa, lakini hiyo Alhamisi nililia mpaka Shangazi akanipa kitambaa cha sare nijifute, halafu akanigombeza kwa sababu kilikuwa cha mteja.

Leo ni Jumapili. Shangazi amepika chinsaga kwa maziwa tangu jana usiku, Sabato ilipokwisha, zile za kuchemka polepole mpaka uchungu wote unaisha. Akazitia kwenye hotipoti iliyooshwa ikang'aa. Ndipo akaenda uani, akarudi na jogoo mwekundu, yule mkubwa, amemfunga miguu, anapiga kelele mtaa mzima ukageuka. Mimi nikabeba hotipoti. Tukavuka barabara mbele ya watu wote, na nadhani alitaka watuone.

Mama Rukia alifungua geti, akabaki ameshika komeo.

Shangazi akamnyooshea jogoo. "Mama Rukia. Huyu hapa yuko hai. Mchinjeni wenyewe."

Mama Rukia alimkumbatia Shangazi na jogoo katikati yao, na jogoo ndiye aliyelalamika peke yake. Baba Rukia akamchukua jogoo kwenda naye nyuma ya nyumba na kisu, Shangazi akamfuata. Alitaka kuona. Alisimama mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akasikiliza Baba Rukia akilitaja jina la Mungu, akaona kisu kikipita mara moja. Akasema, "Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, Mama Fundi."

"Miaka miwili," Shangazi akasema. "Mngeniambia, ningewaletea na kisu."

Baba Rukia alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kanzu.

Walimpika jogoo huyo pamoja, Shangazi na Mama Rukia, wakibishana kuhusu chumvi kutoka mwanzo hadi mwisho. Chakula kikaandaliwa kwenye mkeka: kuku, wali, chinsaga, na ugali wa wimbi ambao Rukia na mimi tuliusonga mpaka mikono ikauma. Sasa, Baba, wewe unajua kwetu anayeleta chakula huonja kwanza mbele ya wageni, ili moyo wa kila mtu utulie. Shangazi aliifunua hotipoti, akanyoosha mkono achukue chinsaga kidogo aonje. Mama Rukia akamshika kifundo cha mkono.

"Hapana, Mama Fundi," akasema. "Mimi kwanza."

Akasema bismillahi, akachota tonge kubwa la ugali na chinsaga, akala, wote tukimtazama. Akatafuna bila haraka. Shangazi hakupumua hata kidogo, nilimwona. Mama Rukia alipomeza, akachota tena.

Jioni hii Shangazi amenipa hukumu yangu: nitaosha sufuria zote mwezi mzima kwa kuingia bila ruhusa. Nimeikubali kwa moyo mweupe. Kazi ya Sayansi Kimu nimeiandika kurasa sita, lakini habari hii sikuiandika. Niliona ni ya kwetu sisi.

Nisamehe, Baba, kwa kulivunja neno lako. Kama utaona adhabu ya sufuria haitoshi, niambie, nitaongeza na yako.

Msalimie Mama sana, umwambie aache kubeba mitungi ya maziwa. Msalimie Bibi aliyenilea, umwambie chinsaga za mjini hazifikii zake, hata za Shangazi, lakini asimwambie Shangazi. Wasalimie wadogo zangu wawili, na yule anayepanda juu ya parachichi mwambie nimesikia. Msalimie pia kiongozi wa kwaya yetu, nafasi yangu ya sauti ya pili asimpe mtu.

Barua hii namkabidhi mama anayeuza ndizi, anarudi Nyansiongo kesho. Na jambo la mwisho, Baba. Shangazi hajui kwamba nimekuandikia. Amekuwa akitembea chumbani na simu mkononi tangu tuliporudi, anapanga jinsi atakavyokueleza, na naona anafurahi kama msichana. Akikupigia, tafadhali mwache asimulie yote mwenyewe, tangu mwanzo. Ushangae kila mahali anapotaka ushangae.

Binti yako anayekupenda na kukuheshimu,
Kerubo